Muhuri wa Wakili Hauthibitishi Umiliki: Somo kwa Mwananchi Anayenunua Nyumba

Kununua nyumba ni shughuli ambayo familia nyingi huifanya mara moja tu katika maisha. Fedha zinazotolewa siku hiyo huwa ni akiba ya miaka mingi, kiinua mgongo, mauzo ya mazao au mkopo utakaolipwa kwa muda mrefu. Hata hivyo, katika mauziano mengi wakili huitwa mambo yakiwa yamekwisha. Bei imekubaliwa, fedha zimehesabiwa, na pande mbili zinakwenda katika ofisi ya wakili iliyo karibu ili mkataba ugongwe muhuri. Mnunuzi huondoka na karatasi yenye sahihi na muhuri, akiamini kwamba tayari amelindwa na sheria.

Imani hiyo inahitaji kusahihishwa. Wakili anaposhuhudia sahihi akiwa Kamishna wa Viapo, huthibitisha kwamba watu waliotajwa walifika mbele yake, walitambulishwa kwake, na walitia sahihi zao mahali na tarehe iliyoandikwa. Hathibitishi kwamba muuzaji ndiye mmiliki, kwamba nyumba haina rehani, kwamba mwenza wa muuzaji ameridhia, wala kwamba kiwanja hakimo ndani ya hifadhi ya barabara. Hayo yote hujulikana kwa uchunguzi, na uchunguzi ni kazi nyingine inayopaswa kutangulia malipo. Somo hili linaeleza namna mwananchi wa Tanzania Bara anavyoweza kumchagua wakili wa kazi hiyo na kushirikiana naye tangu mwanzo hadi jina lake linapoandikwa katika daftari la hati.

Kumtambua wakili wa kweli

Si kila mtu anayejua sheria ni wakili. Aliyehitimu shahada ya sheria huitwa mwanasheria. Wakili ni yule aliyeapishwa, jina lake likaingizwa katika Orodha ya Mawakili kwa mujibu wa Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, na ambaye ana leseni ya uwakili ya mwaka husika. Leseni hiyo huhuishwa kila mwaka. Kwa hiyo, mtu aliyekuwa wakili halali mwaka uliopita anaweza kuwa hana ruhusa ya kufanya kazi mwaka huu.

Mahakama ya Tanzania imeweka mfumo wa kielektroniki wa e-Wakili unaomwezesha mwananchi kutafuta jina la wakili na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi. Asiyekuwa na simu ya intaneti anaweza kuomba msaada wa kijana wa nyumbani, au kuuliza katika ofisi ya mahakama au Chama cha Mawakili Tanganyika. Ukaguzi huo huchukua dakika chache, na ni kinga ya kwanza dhidi ya wale wanaoitwa mawakili vishoka.

Sheria hiyohiyo inamkataza mtu asiye na sifa kuandaa, kwa malipo, nyaraka za kisheria zinazohusu mali isiyohamishika. Inamtaka pia aliyeandaa waraka aandike jina na anwani yake juu ya waraka huo. Mkataba usioonyesha ni nani aliyeuandaa unapaswa kumtia mnunuzi shaka, hata kama lugha yake ni nzuri na muhuri wake unang'aa.

Wakili wa nani?

Swali ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi ni hili: wakili huyu anamfanyia nani kazi? Mara nyingi wakili huletwa na muuzaji au na dalali. Huenda ni mtu mwaminifu, lakini mteja wake si mnunuzi. Dalali hulipwa mauziano yakikamilika, na muuzaji hufaidika yakikamilika upesi. Mnunuzi peke yake ndiye mwenye faida katika kusubiri hadi kila jambo lithibitishwe. Kwa sababu hiyo anahitaji wakili wake mwenyewe, aliyemchagua na atakayemlipa yeye.

Pande mbili zikiamua kumtumia wakili mmoja ili kupunguza gharama, ni vyema jambo hilo liandikwe, na wakili aeleze atafanya nini endapo maslahi ya pande hizo yatagongana. Asiyeweza kulieleza jambo hilo waziwazi hafai kuwahudumia wote wawili.

Kabla ya kumkabidhi wakili kazi, mnunuzi amuulize maswali machache. Je, amewahi kushughulikia uhamisho wa miliki katika mkoa huu? Nani atakayekwenda Ofisi ya Msajili wa Hati, yeye mwenyewe au karani wake? Uchunguzi utachukua muda gani na utahusu mambo yapi? Malipo yake ni kiasi gani, na ndani yake kuna nini? Viwango vya malipo ya mawakili vimewekwa katika Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, lakini ni busara makubaliano yaandikwe, yakitenganisha ada ya wakili na kodi na tozo za serikali. Kila malipo yapewe risiti ya kielektroniki.

Aina ya miliki huamua kazi ya wakili

Wakili mzuri huanza kwa kuuliza nyumba imejengwa juu ya ardhi ya aina gani, kwa kuwa njia ya uchunguzi hutofautiana.

Ikiwa kiwanja kimepimwa na kina hati miliki, kumbukumbu zake zimo kwa Msajili wa Hati. Wakili huomba upekuzi rasmi, na majibu yake huonyesha jina la mmiliki, muda wa miliki, na kama kuna rehani au zuio lililosajiliwa. Nakala ya hati aliyonayo muuzaji haiwezi kuchukua nafasi ya upekuzi huo. Hati inaweza kuwa ya kughushi. Inaweza pia kuwa halali kabisa, huku daftari likionyesha kwamba nyumba imewekwa rehani.

Ikiwa muuzaji ana barua ya toleo tu, kumbukumbu hutafutwa katika ofisi ya ardhi iliyoitoa ili kujua kama masharti yake yalitimizwa na kama kiwanja hakikugawiwa mtu mwingine.

Ikiwa nyumba ipo katika eneo lisilopangwa na ina leseni ya makazi, taarifa zake zimo katika halmashauri iliyoitoa. Leseni hiyo ni ya muda mfupi, na kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, haizidi miaka 5. Mnunuzi ajue imebaki muda gani.

Ikiwa ardhi ni ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114. Uhamisho wa hakimiliki ya kimila unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na bila idhini hiyo uhamisho hauna nguvu. Sahihi ya mwenyekiti peke yake si uamuzi wa halmashauri ya kijiji. Wakili aombe nakala ya muhtasari wa kikao kilichoridhia.

Mambo matano ya kuchunguza kabla ya kulipa

La kwanza ni utambulisho wa muuzaji. Jina lililo katika hati lilinganishwe na kitambulisho cha taifa. Anayeuza kwa niaba ya mwingine aonyeshe hati ya uwakilishi, nayo ichunguzwe kama imesajiliwa, kama haijafutwa, na kama aliyeitoa bado yu hai. Uwakilishi wa kawaida hukoma mtoaji anapofariki.

La pili ni mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililo katika hati ni la mmoja tu. Ridhaa hiyo iandikwe na itiwe sahihi mbele ya wakili. Muuzaji asemaye kwamba hana mwenza aape kiapo cha maandishi, na majirani waulizwe kwa heshima. Nyumba nyingi zimerudi mahakamani kwa sababu mwenza alikuwapo na hakuulizwa.

La tatu ni mirathi. Mmiliki akiwa amefariki, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa, mjane au mkuu wa ukoo hana mamlaka hayo kwa sababu tu ya nafasi yake katika familia. Wakili aone barua ya usimamizi, ahakiki katika mahakama iliyoitoa, na aombe ridhaa ya maandishi ya warithi.

La nne ni migogoro na madeni. Wakili au mnunuzi aulize katika ofisi ya mtaa au kijiji, katika Baraza la Kata, na katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama kuna shauri linalohusu nyumba hiyo. Kodi ya pango la ardhi ihakikiwe hadi mwaka wa sasa. Kodi ya majengo hukatwa kupitia mita ya LUKU, kwa hiyo deni lililolimbikizwa humfuata atakayekuwa anaitumia mita. Bili ya maji nayo ikaguliwe.

La tano ni ardhi yenyewe. Wakili husoma karatasi, lakini hapimi mipaka. Mnunuzi amlipe mpima ardhi aliyesajiliwa ili aonyeshe mawe ya mipaka na kuyalinganisha na ramani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zimetenga hifadhi ya mita 60 kwa barabara kuu na za mikoa, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Nyumba iliyomo ndani ya maeneo hayo inaweza kuwa na hati za mauziano zilizokamilika, lakini bado ikabomolewa.

Mkataba na fedha

Uchunguzi ukikamilika, ndipo mkataba unapoandikwa. Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuuza miliki uwe wa maandishi. Mkataba mzuri hutaja kiwanja kwa namba yake au kwa mipaka inayoeleweka, huonyesha bei kwa tarakimu na kwa maneno, na hueleza kila awamu ya malipo. Hutaja pia nani atalipa kodi ipi, lini nyumba itakabidhiwa, na fedha zitarudishwaje endapo kibali cha uhamisho hakitatolewa. Mnunuzi ana haki ya kusoma rasimu nyumbani kabla ya kutia sahihi. Ikiwa imeandikwa kwa lugha asiyoielewa, adai ya Kiswahili.

Fedha zilipwe kupitia benki, katika akaunti yenye jina la muuzaji. Pande mbili zikikubaliana, fedha zinaweza kuwekwa katika akaunti ya wateja ya wakili, kwa maandishi yanayosema zitatolewa lini na kwa sharti gani. Utaratibu wenye usalama ni kulipa sehemu ya bei wakati wa kutia sahihi mkataba, na kubakiza sehemu kubwa hadi muuzaji atie sahihi hati za uhamisho na kukabidhi hati miliki halisi.

Jambo la msingi lieleweke hapa. Kwa ardhi iliyosajiliwa, mkataba peke yake haumfanyi mnunuzi kuwa mmiliki. Uhamisho hukamilika unaposajiliwa. Katika kipindi kilicho kati ya mkataba na usajili, wakili anaweza kuombea zuio kwa Msajili wa Hati ili nyumba isiuzwe wala kuwekwa rehani kwa mtu mwingine. Mnunuzi amuulize wakili wake kama amelifanya hilo, na kama hakulifanya, aeleze sababu.

Uhamisho na gharama zake

Baada ya mkataba, wakili huandaa taarifa ya uhamisho, maombi ya kibali na hati ya uhamisho kwa fomu zilizowekwa na sheria, ambazo watumishi wa ardhi huziita fomu namba 29, 30 na 35. Mthamini aliyesajiliwa huandaa taarifa ya thamani ya nyumba. Kisha hufuata kodi.

Mfano wa hesabu utasaidia. Chukua nyumba inayouzwa kwa shilingi 60,000,000, ambayo muuzaji anaweza kuthibitisha kwa risiti na nyaraka kwamba ilimgharimu shilingi 40,000,000. Faida yake ni shilingi 20,000,000. Kwa mkazi wa Tanzania, kodi ya faida hiyo kwa kiwango cha asilimia 10 ni shilingi 2,000,000, na kisheria ni mzigo wa muuzaji. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani ni shilingi 600,000, na kwa desturi hulipwa na mnunuzi. Juu ya hizo kuna ada ya usajili, ya mthamini na ya wakili. Viwango vya kodi vinaweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo vithibitishwe katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania kabla ya bei kukubaliwa.

Msajili wa Hati hasajili uhamisho bila cheti cha Mamlaka ya Mapato kinachoonyesha kwamba kodi ya faida imelipwa au haidaiwi. Muuzaji aliyekwisha kupokea fedha zote hana haraka ya kulipa kodi yake, na hapo ndipo mnunuzi hukwama kwa miaka, akiwa na nyumba anayoishi lakini yenye jina la mtu mwingine. Njia ya kuepuka hali hiyo ni kuandika katika mkataba kwamba kiasi cha kodi kitazuiwa kutoka katika bei na kulipwa moja kwa moja kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Wapo wanaoshawishiwa kuandika bei ndogo ili kodi ipungue. Hilo ni kosa, na humuumiza mnunuzi mwenyewe. Mgogoro ukitokea na mahakama ikaamuru arudishiwe fedha zake, bei iliyo katika mkataba ndiyo itakayotazamwa kwanza.

Kushirikiana na wakili

Wakili hufanya kazi kwa taarifa anazopewa. Mnunuzi amweleze kila alichokisikia kuhusu nyumba, hata kama ni uvumi wa jirani. Afungue jalada lake mwenyewe nyumbani, lenye nakala ya kila waraka, risiti na majibu ya upekuzi, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Maelekezo muhimu ayatoe kwa maandishi, walau kwa ujumbe wa simu unaohifadhika. Kila hatua inapokamilika aombe kuonyeshwa ushahidi wake. Kauli kwamba "mambo yako mezani" haitoshi. Namba ya maombi na tarehe ya kupokelewa ndizo zinazotosha.

Wakili akikataa kutoa taarifa, akishikilia nyaraka bila sababu au akitumia fedha za mteja kinyume cha makubaliano, mteja aanze kwa kumwandikia barua na kubaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Asiposikilizwa, anaweza kupeleka malalamiko kwenye Kamati ya Mawakili iliyoundwa na Sheria ya Mawakili, yenye mamlaka ya kumwadhibu wakili, ikiwa ni pamoja na kumsimamisha au kuagiza jina lake liondolewe katika orodha.

Kwa wenye kipato kidogo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Hao hutoa elimu na ushauri bila malipo, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kumwelekeza mwananchi kwao. Asiyeweza kumlipa wakili kwa kazi yote anaweza kumlipa kwa sehemu mbili zisizopaswa kukosekana, yaani uchunguzi wa umiliki na uandishi wa mkataba, kisha akafuatilia mwenyewe hatua za ofisini. Kununua nyumba ya mamilioni na kuacha upekuzi kwa sababu ya ada yake ni kubana matumizi mahali pasipofaa.

Kazi ya wakili haijaisha mpaka mnunuzi amepokea hati yenye jina lake. Siku hiyo asome herufi kwa herufi: jina, namba ya kiwanja, eneo na muda wa miliki. Kosa dogo la tahajia husahihishwa kwa urahisi wakati faili bado lipo juu ya meza, lakini huwasumbua warithi miaka 30 baadaye. Kisha abadilishe jina la mlipaji wa kodi ya pango la ardhi, mita ya umeme na akaunti ya maji, na hati aihifadhi mahali ambapo angalau mtu mmoja mwingine wa familia anapajua.

Mambo ya kukumbuka

1. Wakili aonwe kabla ya malipo ya kwanza, hata kama ni ya kushika nyumba tu.
2. Leseni ya wakili ihakikiwe katika mfumo wa e-Wakili.
3. Mnunuzi awe na wakili wake, asiyeletwa na muuzaji wala dalali.
4. Majibu ya upekuzi yaonekane kwa macho, na nakala yake ihifadhiwe.
5. Ridhaa ya mwenza, au barua ya usimamizi wa mirathi, iwepo kabla ya mkataba.
6. Fedha zipite benki, na sehemu ya bei ibakie hadi hati za uhamisho zitiwe sahihi.
7. Kodi ya muuzaji izuiwe kutoka katika bei, isiachwe kwa ahadi.